Ile NLR wanayoandika kwenye majibu ya mgonjwa wa saratani ya koo maana yake nini

Mjomba wangu wa Tukuyu, Mbeya, ilianza sauti kukauka, tukasema ni baridi maana kule mvua haikatiki, miezi ikaenda, mwisho hata uji ukawa unapita kwa shida. Wakakata kinyama kupima, ikaja saratani ya koo. Siku ya kliniki daktari akachukua ile karatasi ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ya kawaida kabisa, akazungushia kwa peni 7.2 na 1.2, pembeni akaandika 6, basi, akaita mgonjwa mwingine. Mke wake mjomba alilia njia nzima mpaka stendi, alijua ni miezi sita imebaki.

Sasa ile 6 ni NLR, yaani unachukua nyutrofili, ile 7.2, unagawanya kwa limfosaiti, ile 1.2. Zote ni chembe nyeupe za damu ila kazi zao ni tofauti. Nyutrofili ndo zinakimbilia kwanza palipo na kidonda au bakteria, limfosaiti zenyewe zinaitambua seli iliyoharibika na kuimaliza. Saratani kwa mwili ni kama kidonda kisichofunga, kwahiyo mwili unazidi kumwaga nyutrofili, na zikizidi zinatoa kemikali zinazousaidia uvimbe kuotesha mishipa ya damu na kusambaa, huku limfosaiti za kupigana nao zinapungua. Hiyo hali ya mwili kuwaka kwa ndani ndo inaitwa inflamesheni, na sio habari mpya, Rudolf Virchow wa Ujerumani aliona chembe nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani tangu 1863. Mtu mzima mwenye afya NLR yake mara nyingi inacheza 1 mpaka 3. Tafiti nyingi za saratani za kichwa na shingo zimekuta waliokuwa na NLR kubwa kabla ya matibabu, kwa wastani, waliishi muda mfupi zaidi.

Kwa wastani, hilo neno lishikeni sana. Ni hesabu ya kundi la watu, haimwambii mjomba tarehe, na haisemi kama mtu ana saratani au hana.

NLR ina na vipimo ndugu zake. SII ni hiyo hiyo NLR unazidisha na pleteleti, chembe za kugandisha damu. Halafu CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, na albumini, protini ya kwenye damu, CRP ikipita 10 mg/L na albumini ikashuka chini ya 35 g/L kwa pamoja ni ishara mbaya, na mgonjwa wa koo albumini inashuka haraka kwasababu hali chakula.

Ila namba hizi zinayumba, na huku kwetu zaidi. Nimonia, jino bovu, hata deksamethasoni aliyochomwa jana inaipandisha NLR. Virusi vya UKIMWI vinakula limfosaiti, na utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta Njombe 12.7%, Iringa 11.1% na Mbeya 9.6% ya watu wazima wanaishi navyo, kwahiyo huwezi kusoma NLR ya mtu wa huku bila kujua hilo. Pia Waafrika wengi kwa urithi tu tuna nyutrofili chache, ni mabadiliko yale yale ya damu yanayokinga malaria ya vivax, sasa namba ya mpaka, ile inayosema NLR ikizidi hapa ni kubwa, iliyopangwa kwa wagonjwa wa China au Ulaya ukiibeba nzima kuja nayo Mbeya unaweza kumpotosha mtu. Bado stage ya ugonjwa ndo inabeba uzito mkubwa, na kwa saratani ya nyuma ya mdomo, kama imeletwa na kirusi cha HPV au la, maana zile za HPV huwa zinaitikia matibabu vizuri zaidi.

Mjomba alikuwa na gego limeoza lina usaha, likang'olewa maana mionzi ya shingoni haianzi na meno mabovu. Damu ikapimwa tena kabla hatujapanda basi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Karatasi zote mbili mke wake anatembea nazo kwenye bahasha ya kliniki, ya pili pembeni imeandikwa 3.4, na siku hiyo aliuliza mwenyewe hii ni ya nini.