Hafu klachi haiunguzi pikipiki yako

"Mwalimu, ukishikilia klachi nusu hivyo, haijabanwa yote wala kuachiwa yote, si utaiunguza?"

Wiki hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza hajawahi kuona injini ya pikipiki ikiwa wazi. Kaambiwa na shemeji yake anayeendesha gari, Noah ya gia za mkono. Shemeji yuko sahihi, ila kuhusu Noah.

Mwanafunzi akishaamini hivyo, klachi kwake inakuwa na hali mbili tu: imebanwa yote au imeachiwa yote. Akigeuza pikipiki kwenye nafasi ndogo huku kaiachia yote katika gia namba moja, injini inamsukuma kuliko anavyotaka, anafunga mafuta, pikipiki inashtuka, mguu unatupwa chini. Akiibana yote, hakuna kinachovuta tairi la nyuma, pikipiki iliyolala inaendelea kulala mpaka ifike chini. Halafu analalamika kwamba mwendo mdogo ni mgumu kuliko wa kasi. Lazima uwe mgumu, maana amejinyima kifaa chenyewe.

Sasa sikilizeni. Klachi ya gari la kawaida la gia za mkono ni pleti moja kavu. Ukiisugua, joto halina pa kwenda haraka, na ndiyo maana ile harufu inaijaza gari nzima. Boxer, TVS na karibu pikipiki zote ndogo za barabarani zina pleti kadhaa zilizopangwa pamoja, na zinazunguka ndani ya oili ileile ya injini. Oili inabeba joto na kuliondoa. Kusuguana kidogo kidogo ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Hata hivyo, usiutangaze huu kuwa msahafu kwa kila chombo: BMW R 1200 GS za kabla ya 2013 zina klachi kavu, na mwenye nayo ana haki ya kunikatalia.

Kinachoua klachi za mjini ni mambo ambayo hakuna anayeniuliza. Mtu anamwaga oili ya gari kwa sababu ni bei nafuu. Baadhi ya oili hizo zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki inayozunguka ndani ya oili, basi. Mwingine kaukaza waya mpaka mkono wa klachi hauna uchezaji hata kidogo, kwa hiyo pleti hazikamatani sawasawa hata akiachia. Mwingine anapiga mshikaki, anapandisha mlima kwa gia kubwa, na vidole viwili vimelalia klachi njia nzima. Huyo huyo ndiye atakayekuambia mazoezi ya uwanjani yanaharibu pikipiki!

Je, kuna kikomo? Kipo, na sitakudanganya kwa kukutajia dakika. Inategemea jua, oili, hali ya pleti na uzito wako. Mimi nasikiliza mkono: pale klachi inapokamata pakianza kuhama kutoka pale palipokuwa asubuhi, tunazima na kunywa maji. Injini hizi zinapozwa na upepo, na ukizunguka pole pole upepo haupo. Tena joto la injini linanitia wasiwasi kuliko pleti.

Haya, kugeuza kwenyewe. Gia namba moja, mafuta kidogo yasiyobadilika, klachi ikamate nusu, breki ya nyuma iguswe kwa wepesi. Mwendo unaurekebisha kwa klachi na breki ya nyuma, mkono wa mafuta utulie. Breki ya mbele isahau kabisa usukani ukiwa umekatwa. Laza pikipiki, wewe kaa wima au sogea kidogo upande wa nje. Kidevu kielekee unakokwenda. Pikipiki isiyo na mkono wa klachi? Mafuta kidogo, breki ya nyuma juu yake, maisha yanaendelea.

Wanaosema "ongeza mwendo itatulia" wapige hesabu. Kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 3, kwa kilomita 10 kwa saa unahitaji kulala takriban nyuzi 15. Kwa kilomita 20 zinazidi 45. Kwenye uwanja wa mchanga na tairi lililokwisha, nyuzi hizo zinakuaga mapema.

Ukiniuliza kwa nini hasa kugeuza kichwa kunasaidia, nitakujibu kwamba mabega yanafuata kichwa na mikono inafuata mabega. Nalifundisha hilo, ila siliapii. Hata balansi ya baiskeli bado inawaumiza wasomi kichwa: mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha baiskeli ya majaribio ikijisimamia yenyewe bila msaada wa nguvu inayotokana na magurudumu kuzunguka, sababu ambayo walimu wengi tulikuwa tunaitaja kwa kujiamini. Na kwa nini wengi wanageuka vizuri kushoto, kulia wanaganda? Ukikata kulia, mkono wa mafuta unajikunja karibu na tumbo na wa klachi unanyooka. Maelezo mazuri, ila nina wanafunzi walio kinyume kabisa.

Koni hazihitajiki. Panga ndala. Uingereza kwenye mtihani wa leseni ya pikipiki wanageuza ndani ya upana wa mita 7.5, anzia upana mkubwa zaidi ya huo, ukigeuka mara kadhaa bila mguu kugusa chini, sogeza ndala hatua moja ndani. Upande unaouogopa upewe zamu nyingi zaidi.

Na mkono wa kushoto ukianza kutetemeka, zima. Mkono uliochoka unaachia klachi kwa mkupuo, na uwanja wetu una ukuta wa jirani upande mmoja.