Mzazi Ukiitwa Shuleni, Fika Mapema: Ufafanuzi Kuhusu Masomo na Nidhamu kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili

Kila msimu wa kuchuma tumbaku, ofisi zetu za elimu sekondari mkoani Tabora hupokea malalamiko ya aina mbili yanayopingana. Wapo wazazi wanaodai shule za kata zimeacha kuadhibu, ndiyo maana vijana wameharibika. Wapo wengine wanaodai walimu wanawaonea watoto wao kwa kuwaandika watoro. Tunawasikiliza wote. Ila mara nyingi tukifungua jalada tunakuta jambo lilelile: mzazi aliandikiwa barua ya wito, na hakufika.

Barua hiyo si hukumu. Mwalimu wa darasa anapoona mwanafunzi hayupo, au yupo lakini analala, haandiki na anajibu kwa hasira, huzungumza naye kwanza, kisha humwita mzazi au mlezi. Mwalimu wa malezi na unasihi, yaani anayewashauri wanafunzi, hushirikishwa hapo, na mwalimu wa taaluma huangalia maendeleo yake somo kwa somo. Mambo haya yanakwenda pamoja kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi anayefeli na anayesumbua ni mtoto mmoja.

Chukueni suala la lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kuikuta Fizikia na Jiografia kwa Kiingereza. Ndiyo maana mwaka wake huanza na kozi ya awali ya Kiingereza. Mzazi anayemchelewesha nyumbani wiki za mwanzo kwa kudhani "bado hawajaanza kusoma" anamnyima kitu ambacho shule haitakirudia. Asiyeelewa huona aibu, akahamia viti vya nyuma, akaomba ruhusa ya kwenda chooni na asirudi. Ikifika Machi tayari anaitwa mtukutu. Ukimchapa mtoto huyo, umemwadhibu kwa kutojua Kiingereza.

Kwa sababu hiyo shule hupanga vipindi vya marekebisho, baada ya saa za masomo au Jumamosi, kwa wale ambao majaribio ya darasani yameonesha wamebaki nyuma. Tunasikia vikiitwa mbinu ya walimu kujipatia fedha. Elimu ya sekondari katika shule za serikali hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Akirudishwa, tuleteeni taarifa. Lakini mwanafunzi aliyepangiwa marekebisho Februari akaanza kuhudhuria Septemba, huku upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili ukiwa umekaribia, hatuna cha kumwahidi. Asiyefikia kiwango katika upimaji huo hurudia kidato.

Jambo linalotupa wasiwasi zaidi ni mageto, yaani vyumba vya kupanga wanamoishi wanafunzi. Vijiji vyetu vimetawanyika, hasa Kaliua, Sikonge, Uyui na Urambo, na shule ya kata inaweza kuwa mbali sana na nyumbani. Mzazi hupanga chumba karibu na shule, humwachia mtoto unga na fedha kidogo, kisha hurudi shambani. Tunafahamu si kila mahali pana bweni, na hatumlaumu anayehangaika mtoto wake asome. Lakini binti wa miaka kumi na minne anayelala peke yake chumba cha kupanga yuko hatarini usiku, na mwalimu hana uwezo wa kuzunguka kila geto. Kama hakuna bweni, tafuteni familia inayojulikana, mwandikisheni mlezi huyo shuleni kwa jina na namba ya simu, na mwenyekiti wa kitongoji ajue mtoto anakaa wapi. Mnasihi hawezi kumsaidia mtoto ambaye hakuna mtu mzima anayejua kama alirudi jana.

Kuhusu tumbaku, msimwondoe mtoto darasani akachume au akeshe kwenye mabani ya kukaushia majani. Majani mabichi, hasa yenye umande, hupitisha nikotini kwenye ngozi, naye huja shuleni na kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi. Mwalimu asiyejua chanzo atamwona mvivu.

Sasa viboko, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa zaidi. Kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002 zinamruhusu kuchapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na si mwalimu yeyote tu. Viboko visizidi vinne. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kila adhabu huandikwa kwenye kitabu maalumu. Kwa hiyo mzazi anayekuja kutuambia "mchapeni hadi anyooke" anatuomba tuvunje kanuni, na mwalimu anayekubali atawajibishwa. Kumfukuza mwanafunzi nako si uamuzi wa mwalimu aliyekasirika. Shauri hupelekwa kwenye bodi ya shule, likiwa na kumbukumbu za makosa na za hatua zilizochukuliwa kabla. Kama mzazi hakuitikia wito hata mara moja, kumbukumbu hizo zitaonesha hivyo.

Binti aliyepata ujauzito ana nafasi ya kurejea masomoni baada ya kujifungua, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Bado tunapokea wazazi wanaoamini amefutwa moja kwa moja. Hajafutwa. Aliyempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 chini ya Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, na anayesaidia ndoa hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo cha miaka mitano, au vyote. Makubaliano ya mahari kati ya familia mbili hayafuti kosa hilo.

Mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mkuu wa shule. Asiporidhika aende kwa afisa elimu kata, halafu ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri. Ukatili wa kimwili au wa kingono haungoji mlolongo huo: nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Kwa mengine yote, njooni na daftari la mtoto na barua ya wito mliyopewa, hata kama tarehe iliyoandikwa imekwisha kupita.