Microsoft na programu huria: uadui uliobadilika sura

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, bado husikika kwamba Microsoft ni adui wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, na kwamba anayetumia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, hana budi kukaa mbali na kila kitu cha kampuni hiyo. Dhana hiyo ilikuwa na msingi: mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, aliifananisha Linux na saratani, akilalamikia leseni yake.

Hata hivyo, mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilitoa maelfu ya mistari ya msimbo kwa ajili ya kiini cha Linux (sehemu yake ya msingi), tena si kwa ukarimu, bali ili Linux iende vizuri juu ya Hyper-V, programu yake ya kuendeshea kompyuta pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta halisi. Mwaka 2014 Satya Nadella, mkuu wa Microsoft baada ya Ballmer, alitamka hadharani kuwa Microsoft inaipenda Linux. Mwaka 2016 ikajiunga na Linux Foundation, taasisi inayosimamia maendeleo ya Linux, na mwaka 2018 ikainunua GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, kwa dola bilioni 7.5. Mapenzi hayo nayaona ya kibiashara: kwenye Azure, huduma yake ya kukodisha kompyuta kupitia mtandao, mteja hulipia seva, na seva nyingi huendeshwa na Linux.

Kijana anayeandika programu kwa Visual Studio Code kwenye kompyuta yenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, kikombe cha chai ya Rungwe pembeni, anatumia zana ya Microsoft ambayo msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT, leseni huria yenye masharti machache, tangu 2015, ingawa faili analolipakua likiwa tayari lina leseni nyingine ya kampuni. Windows na Office, kwa upande wao, zimebaki zimefungwa.