Kanisa lililopanda treni: Ndugu wa Dakota Kaskazini

Ukiangalia kumbukumbu za miaka ya 1890 za kanisa la Marekani liitwalo Ndugu (Brethren), unaweza kudhani uamsho mkubwa uliwaka katika jimbo la Dakota Kaskazini. Sharika zilizuka kwenye nyanda zile moja baada ya nyingine. Mimi nasema kilichowaka kwanza ni hamu ya ardhi, na kanisa likaja ndani ya mizigo ya wahamiaji. Sisemi hivyo kwa kejeli. Namna kanisa hili lilivyopangwa, lingeweza kufungwa pamoja na majembe na mbegu, likafika zima.

Kwanza tusichanganye majina. Sizungumzii Wamoraviani wanaojulikana sana Mbeya, wala Ndugu wa Plymouth ambao wasomaji wa Kongo wanawafahamu. Hawa ni wale waliobatizana katika mto Eder, kijijini Schwarzenau, Ujerumani, mwaka 1708, watu wanane wakiongozwa na Alexander Mack. Mwaka 1719 kundi la Peter Becker lilihamia Pennsylvania. Kutoka hapo wakasambaa Maryland na Virginia, wakaingia Ohio, Indiana, Illinois na Kansas, kila kizazi kikifuata shamba. Majirani waliwaita Dunkers kwa sababu ya kumzamisha mtu majini mara tatu. Jina la Church of the Brethren walilichukua mwaka 1908 tu. Siku hizi wana sharika hata mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa Dakota. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi eka 160 za ardhi ya serikali, akiishi hapo miaka 5, akajenga na kulima. Kwa baba wa Indiana mwenye wana wanne na shamba dogo lililozungukwa na majirani, hesabu hiyo haikuhitaji mhubiri. Upande wa pili kulikuwa na reli ya Great Northern ya James J. Hill, iliyofika Pasifiki mwaka 1893. Sehemu kubwa ya njia yake ilijengwa bila ruzuku ya ardhi ya serikali, kwa hiyo ilitegemea nauli ya mizigo, na nyanda zisizo na mkulima hazitoi gunia hata moja la ngano.

Wakala wa uhamiaji wa reli hiyo, Max Bass, aliwatazama Ndugu akaona dhahabu: hawanywi, hulipa madeni, na huhama kwa makundi. Dakota Kaskazini nayo ilikuwa jimbo la Marekani mwaka 1889 ikiwa imepiga marufuku pombe katika katiba yake, jambo lililowavutia wazee wa kanisa. Bass alimpata A. B. Peters, mhubiri wa Walkerton, Indiana, akamshawishi aione nchi. Mwaka 1894 treni iliyobeba mamia ya Ndugu na jamaa zao iliondoka Walkerton kuelekea Cando, wilaya ya Towner, Dakota Kaskazini. Reli ikaendelea kutangaza ardhi katika gazeti la kanisa lenyewe, Gospel Messenger. Mimi hulisoma gazeti lile nikianza na matangazo, kisha ndipo nageukia mahubiri.

Tusijidanganye kwamba nchi ilikuwa tupu. Waojibwe wa Milima ya Turtle, wenyeji wa asili, walikuwa wakiidai, na mapatano ya mwaka 1892 yaliwapa dola milioni 1 kwa takriban eka milioni 10, yaani senti 10 kwa eka. Bunge la Marekani liliyaidhinisha mwaka 1904, muongo mzima baada ya ile treni. Ndugu walikataa kiapo na vita, lakini ardhi yenyewe waliipokea bila maswali mengi.

Je, usharika uliundwaje pasipo askofu wala makao makuu ya kutuma mtu? Hapa ndipo penye utamu. Kila mshiriki aliyehama aliomba barua kutoka usharika wake wa zamani, ikieleza kwamba ana sifa njema. Barua zilipofika za kutosha, wazee wa sharika jirani waliitwa, zikasomwa mbele ya wote, na waliotajwa humo wakawa usharika mpya wenye mipaka yake ya ardhi. Kisha kura: wazee wageni walikaa faraghani, na washiriki, kaka na dada, wakaingia mmoja mmoja na kutaja jina la wanayemtaka. Hakukuwa na wagombea. Mkulima aliyeingia asubuhi akiwaza ng'ombe wake angeweza kurudi nyumbani akiwa mhubiri, bila mshahara, bila chuo, na mkewe akiwa ameulizwa kama atamuunga mkono. Ngazi za uhubiri zilikuwa tatu, na mzee mwenye kuwekewa mikono ndiye aliyekuwa wa juu.

Mfumo huo ulifanya kanisa liwe jepesi kuhama. Mhubiri hakungoja kutumwa wala kulipwa. Alihama kama mkulima mwingine yeyote, na karama yake ikahama naye. Ubaya wake ni kwamba wahubiri nao walifuata udongo mzuri. Usharika mmoja ungeweza kuwa na benchi zima la wahubiri, huku familia zilizotawanyika mbali zikikaa bila hata mmoja.

Umbali ulikuwa mzigo. Maili moja ya mraba ina mashamba manne tu ya eka 160, basi piga hesabu ya mwendo wa kigari cha farasi wakati wa theluji. Ibada zilianzia sebuleni, zikahamia shule za kijijini. Lakini karamu ya upendo, yaani ibada yao ya Meza ya Bwana, ilihitaji nafasi: meza ndefu, nyama na supu, maji ya kutawadhana miguu, busu takatifu, kisha mkate na kikombe. Ndiyo maana nyumba nyingi za ibada za Ndugu zilijengwa na jiko, na pale pasipo na nyumba, ghala la shambani lilifagiliwa likatosha.

Halafu mvua zikakosa. Waliovunjwa moyo na ukame na baridi waliomba tena barua zao, wakaenda Idaho, Washington na California, ambako kampuni za reli zilikuwa zikitangaza mabustani ya matunda. Sharika za huko nazo zikaandikwa kuwa "zinakua".

Ndiyo sababu nikifungua daftari la usharika wa namna hii, natenganisha waliopokewa kwa barua na waliobatizwa. Miaka ya mwanzo orodha ya barua huwa ndefu, na ya ubatizo ina majina machache. Wala idadi ya washiriki si idadi ya watu waliokaa kwenye mabenchi, kwa kuwa Ndugu hawabatizi watoto, na kaya za walowezi zilijaa watoto. Orodha ya ubatizo huanza kunenepa baadaye, watoto wale wanapofika umri wa kuamua wenyewe, na mara nyingi majina ya ukoo ni yaleyale ya kwenye barua.