Timu inayoshinda haiguswi? Dhana potofu kuhusu kubadilishana wachezaji katika NBA

Kila mwaka ifikapo Februari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji inapokaribia katika ligi ya mpira wa kikapu ya NBA, mashabiki wa timu zilizo kileleni hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoamini kwamba kumgusa hata mchezaji mmoja wa kikosi kinachoshinda ni kujitafutia balaa, na wapo wanaotaka nyota mpya aletwe bila kujali nani ataondoka. Makundi yote mawili yana mifano ya kujivunia, na yote mawili husahau mifano inayowaumbua.

Msomaji aliyezoea usajili wa soka akumbuke kwanza kwamba katika NBA klabu haimnunui mchezaji kwa ada ya uhamisho. Hutoa wachezaji wake, au haki zake za kuchagua chipukizi katika miaka ijayo, ili ipewe wachezaji wa mwenzake, na kwa timu zenye gharama kubwa kanuni hutaka mishahara inayotoka na inayoingia ikaribiane. Ndiyo maana nyota haongezwi tu juu ya kikosi kilichopo, kwa kuwa anapoingia kuna watu wanaompisha, na mara nyingi mjadala mzima wa mashabiki humhusu anayeingia peke yake.

Dhana potofu: Timu iliyoshinda michezo mingi haina sababu ya kubadilishwa

Msimu wa 2017/18 Toronto Raptors walishinda michezo 59 na kuongoza Kanda ya Mashariki. Kisha wakakutana na Cleveland ya LeBron James katika hatua ya mtoano, wakafungwa michezo minne kwa bila, ukiwa mwaka wa tatu mfululizo kutolewa na timu hiyohiyo. Ukitazama jedwali la msimu wa kawaida, hiyo ni timu ya kuachwa kama ilivyo. Masai Ujiri, rais wa klabu wakati huo, aliyekulia Nigeria na ambaye mama yake ni Mkenya, alitazama mahali pengine. Alimwachisha kazi kocha Dwane Casey, aliyetangazwa kocha bora wa mwaka muda mfupi baadaye, na mwezi Julai 2018 akampeleka San Antonio DeMar DeRozan, kipenzi cha mji aliyeichezea Toronto misimu tisa, ili ampate Kawhi Leonard pamoja na Danny Green.

Hatari ilikuwa wazi. Leonard alikuwa amecheza michezo tisa tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha, na ilijulikana kwamba baada ya mwaka mmoja angeweza kuondoka. Msimu wa kawaida uliofuata Toronto walishinda michezo 58, pungufu kwa mmoja, kiasi kwamba mtu anayehesabu ushindi wa msimu wa kawaida pekee angesema mabadiliko hayo hayakuleta kitu. Tofauti ilionekana Mei 2019, katika mchezo wa saba dhidi ya Philadelphia, pale mpira wa Leonard wa sekunde ya mwisho ulipodunda mara nne juu ya chuma kabla ya kuzama wavuni. Wiki chache baadaye Toronto walikuwa mabingwa, Leonard akiwa Mchezaji Bora wa Fainali, na mwezi uliofuata akahamia Los Angeles Clippers kama wengi walivyotabiri.

Msimu wa kawaida hupima uthabiti, nao si kitu cha kudharau. Mtoano hupima jambo jingine, kwa kuwa mpinzani hukutana nawe hadi mara saba mfululizo, akapata nafasi ya kuutafuta udhaifu wako na kuubonyeza kila usiku. Hata San Antonio Spurs, timu ambayo kila mtu huitaja kama mfano wa utulivu, ililielewa hilo. Mwaka 2011 walishinda michezo 61, wakatolewa raundi ya kwanza na Memphis walioshika nafasi ya nane, na mwezi Juni wakamtoa George Hill, aliyependwa sana na kocha Gregg Popovich, ili wapate haki za kijana aliyechaguliwa wa 15 mwaka huo. Kijana huyo alikuwa Leonard yuleyule, na mwaka 2014 aliwapa Spurs ubingwa.

Dhana potofu: Jina kubwa zaidi ndilo linaloiboresha timu zaidi

Kwa dhana hii hakuna somo bora kuliko Milwaukee Bucks, kwa sababu klabu hiyo ilifanya jaribio hilo mara mbili na mtu yuleyule akiwa katikati.

Milwaukee ya Giannis Antetokounmpo iliongoza ligi nzima kwa ushindi misimu miwili mfululizo, 2018/19 na 2019/20, na mara zote mbili ikaishia njiani, kwanza mbele ya Toronto, kisha mbele ya Miami. Novemba 2020 uongozi ulimtoa mlinzi Eric Bledsoe, George Hill, haki tatu za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza na ruhusa ya kubadilishana nafasi za kuchagua chipukizi katika miaka mingine miwili, ili kumpata Jrue Holiday wa New Orleans. Wengi waliiona bei hiyo kuwa ya kichaa kwa mchezaji aliyewahi kuitwa kwenye mchezo wa nyota wote mara moja tu.

Katika mchezo wa nne wa fainali za 2021 dhidi ya Phoenix, Holiday alifunga mara nne katika majaribio 20. Anayesoma takwimu za kufunga tu angemwita mzigo. Usiku wa mchezo wa tano, Milwaukee wakiongoza 120 kwa 119 na sekunde zipatazo 16 zikibaki, Devin Booker wa Phoenix, ambaye tayari alikuwa na pointi 40, aliingia ndani kutafuta kikapu cha kuigeuza fainali. Holiday aliutia mkono mpira huo, akaung'oa kutoka mikononi mwa Booker, akakimbia nao, na badala ya kupoteza muda akaurusha juu kwa Antetokounmpo aliyeudanki. Mchezo uliofuata walitwaa ubingwa. Walichokinunua Milwaukee kilikuwa mikono hiyo, yaani ulinzi wa mtu wa nje, anayekaba mbali na kikapu, usiolegea katika dakika za mwisho, jambo ambalo mtoano wa miaka miwili ulikuwa umeonyesha kwamba wamepungukiwa nalo.

Miaka miwili baadaye, baada ya ushindi 58 na kutolewa na Miami raundi ya kwanza, klabu hiyohiyo ilimtoa Holiday mwishoni mwa Septemba 2023 ili kumpata Damian Lillard wa Portland, mfungaji mkubwa ambaye mwaka huohuo alikuwa amefunga pointi 71 katika mchezo mmoja. Kwa jina na kwa pointi hapakuwa na ulinganisho. Ila ulinzi wa Milwaukee, uliokuwa miongoni mwa bora katika ligi, uliporomoka, kocha mpya Adrian Griffin akafukuzwa Januari akiwa na ushindi 30 katika michezo 43, na timu ikatolewa raundi ya kwanza na Indiana mwaka 2024 na tena 2025. Haki itendeke hapa: Antetokounmpo hakucheza hata mchezo mmoja wa mtoano wa 2024 kwa sababu ya jeraha, na Lillard alikatika kano ya kisigino mwaka uliofuata. Bado majeraha hayaelezi kwa nini timu iliyojengwa juu ya ulinzi ilimtoa mlinzi wake bora wa nje na kutegemea kwamba ulinzi utabaki palepale. Portland walimkabidhi Holiday kwa Boston siku chache baada ya kumpokea, na Boston wakashinda michezo 64 na ubingwa wa 2024.

Dhana potofu: Mabadiliko ya katikati ya msimu huvunja umoja wa kikosi

Wakati mwingine huvunja. Februari 2011 Boston Celtics waliongoza Mashariki kwa ushindi 41 dhidi ya vipigo 14 walipompeleka Kendrick Perkins Oklahoma City ili wampate Jeff Green. Walitumaini kwamba Shaquille O'Neal angeziba pengo chini ya kikapu, naye akawa majeruhi. Michezo 27 iliyobaki walishinda 15 tu, na Miami wakawatoa raundi ya pili.

Lakini Detroit Pistons walimtoa mfungaji wao Adrian Dantley Februari 1989, miezi minane baada ya kukosa ubingwa katika mchezo wa saba wa fainali, wakamleta Mark Aguirre, rafiki wa siku nyingi wa nyota wao Isiah Thomas, na wakatwaa ubingwa mwaka huo na uliofuata. Houston Rockets walikuwa bingwa mtetezi Februari 1995 walipompeleka Otis Thorpe Portland ili Clyde Drexler aungane tena na Hakeem Olajuwon, aliyecheza naye chuo kikuu. Walimaliza wa sita Magharibi, kisha wakapita juu ya Utah, Phoenix, San Antonio na Orlando. Hakuna bingwa mwingine wa NBA aliyewahi kuanzia nafasi ya chini kiasi hicho. Kwa maoni yangu, kalenda haina neno katika jambo hili. Boston waliondoa nguzo ya ulinzi bila kuwa na mbadala wa uhakika, Houston waliongeza mtu ambaye nyota wao alimjua kwa miaka.

Dhana potofu: Hakuna mchezaji asiyeguswa

Dallas Mavericks walifika fainali Juni 2024. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2025, meneja mkuu Nico Harrison alimpeleka Luka Dončić, mwenye miaka 25, Los Angeles Lakers ili ampate Anthony Davis, mwenye miaka 31, Max Christie na haki moja ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza ya mwaka 2029. Alisema anajenga timu ya ulinzi. Davis aliumia katika mchezo wake wa kwanza, nyota mwenzake Kyrie Irving akaumia goti mwezi Machi, timu ikamaliza na ushindi 39 na kukosa mtoano, na Novemba mwaka huo Harrison akafukuzwa. Hata bila majeraha, nguzo ya timu ilibadilishwa kwa mtu aliyemzidi umri kwa miaka sita, na hilo halikuhitaji kusubiri matokeo ili lionekane.

Ulinganishe uamuzi huo na wa Oklahoma City Thunder miezi michache kabla. Baada ya kuongoza Magharibi kwa ushindi 57 na kutolewa na Dallas, walimtoa Josh Giddey, kijana wa miaka 21 ambaye wapinzani walimwacha apige kutoka mbali wapendavyo, wakamchukua Alex Caruso wa Chicago, mtu kwa mtu, bila kuongeza haki yoyote ya chipukizi. Caruso ana urefu wa sentimita 196. Katika mchezo wa saba dhidi ya Denver mwezi Mei 2025 alipewa kazi ya kumkaba Nikola Jokić, mwenye urefu wa sentimita 211, akawa anajipenyeza mbele yake kuzuia pasi isimfikie. Oklahoma City walishinda 125 kwa 93, na mwezi uliofuata wakawa mabingwa.

Dhana potofu: Kila mabadiliko ya timu kubwa ni uamuzi wa uwanjani

Mashabiki wa Oklahoma City wanaojua historia yao hawaamini hivyo. Miezi minne baada ya kucheza fainali za 2012 klabu ilimpeleka James Harden Houston kwa sababu hawakukubaliana mkataba mpya, huku kodi ya mishahara ikiwa inawakodolea macho. Mwaka 2018 Harden akawa mchezaji bora wa ligi. Tangu mkataba wa ligi na wachezaji wa 2023, kanuni zimekuwa kali zaidi. Timu inayovuka kiwango cha pili cha juu cha mishahara hairuhusiwi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, wala kupokea mishahara inayozidi ile inayoitoa. Boston waligongana na ukuta huo mwaka mmoja tu baada ya ubingwa wao: kiangazi cha 2025, Jayson Tatum akiwa ameshakatika kano ya kisigino, walimtoa Holiday kwenda Portland na Kristaps Porziņģis kwenda Atlanta, na hesabu iliyoamua hayo ilikuwa ya mishahara.