Fundi Akiharibu Mali Yako, Nani Athibitishe?

"Ilikuja hivyohivyo." Migogoro mingi kati ya mteja na fundi hukwama kwenye jibu hilo. Mteja alipeleka kompyuta ibadilishwe kibodi, akarudishiwa ikiwa na ufa kwenye kioo. Fundi anasema ufa aliukuta. Mteja anaishiwa maneno, kwa sababu anadhani ni lazima aeleze nani aliidondosha na saa ngapi. Atajuaje, naye hakuwepo?

Sheria haimdai hivyo. Katika nchi nyingi ambazo sheria zake zina asili ya Uingereza, anayepokea mali ya mtu ili aitengeneze amepokea amana, na anatakiwa aitunze kama ambavyo fundi makini angeitunza. Mteja akionyesha kwamba alikabidhi kitu kikiwa kizima na amerudishiwa kikiwa na hitilafu mpya, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa fundi. Yeye ndiye aeleze nini kilitokea na kwamba uzembe haukuwa wake. Kitu kilikuwa mikononi mwake, na majibu anayo yeye.

Kwa hiyo kazi ya mteja ni kuthibitisha hali ya kitu siku ya kukabidhi, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapofia. Risiti iliyoandikwa "simu moja, haina chaji" haisemi lolote kuhusu kioo wala kamera. Kabla ya kuikabidhi, ipige picha pande zote, kioo kikiwa kimezimwa na kikiwa kinawaka: ufa mwembamba huonekana vizuri kwenye kioo cheusi, doa la rangi huonekana kikiwaka. Bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, yaani namba inayoitambulisha simu yako. Kwa gari, piga picha ya dashibodi injini ikiwa inaunguruma, ili kilomita, kiasi cha mafuta na taa za tahadhari vionekane kwa pamoja. Kama simu haiwaki kabisa, ni haki ya fundi kuandika kwamba kamera na spika hazikupimwa. Usimlazimishe akiri asichokiona.

Aliyekwisha kukabidhi bila picha asikate tamaa. Picha ulizopiga kwa simu hiyohiyo jana yake zinaonyesha kamera ilikuwa inafanya kazi. Ujumbe uliomwandikia fundi, "kioo kizima, tatizo ni chaji tu", naye akajibu "sawa, ilete", unaweza kuwa na uzito kuliko shahidi anayeapa.

Siku ya kuchukua, kagua hapohapo mezani kabla ya kulipa. Ukiona hitilafu, piga picha ukiwa bado dukani, kisha mwandikie fundi ujumbe siku hiyohiyo, hata kama mmeongea ana kwa ana. Akisema "niachie nirekebishe", si vibaya kumpa nafasi. Sheria za nchi kadhaa zinamtaka mteja afanye hivyo. Ila picha zitangulie, na aandike anachokwenda kurekebisha. Akishafungua tena, alama za mwanzo zinaweza kufutika.

Uharibifu mwingine hujitokeza baadaye. Nati ya kumwagia oili ya injini ikikazwa kupita kiasi, hesi zake huliwa, na oili huanza kuvuja taratibu gari likiwa limesharudi nyumbani. Ukiona taa ya oili imewaka, zima injini. Anayeendelea kuendesha mpaka injini inakufa atalipwa, pengine, gharama ya uvujaji. Injini itakuwa juu yake.

Maoni ya fundi wa pili husaidia, mradi yawe ya maandishi na yapatikane kabla hajagusa kitu. Mwulize ameona nini, usimwulize nani mwenye kosa. Mafundi wana desturi ya kuponda kazi za wenzao, na maoni ya namna hiyo hayamshawishi mtu.

Utakutana pia na visingizio. "Kijana wangu ndiye aliyeharibu" si utetezi: mwenye karakana huwajibika kwa kazi ya wasaidizi wake. "Nilimpelekea fundi mwenzangu" nayo haimwondolei dhamana, maana wewe hukupatana na huyo mwenzake. Tangazo la ukutani, "hatuhusiki na uharibifu wowote", lina nguvu ndogo kuliko linavyotisha, hasa kama uliliona baada ya kukabidhi mali na kukubaliana. Hata saini haimalizi kila kitu. Mwaka 1951, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mteja aliyepeleka gauni la harusi kusafishwa. Alipouliza kwa nini atie saini karatasi, aliambiwa ni kwa ajili ya shanga na nakshi zinazometameta tu. Kumbe karatasi iliondoa wajibu kwa uharibifu wowote ule. Gauni likarudi na doa. Mahakama ilisema mwenye duka hawezi kujificha nyuma ya karatasi aliyoieleza isivyo.

Fundi naye ana haki zake. Skrubu iliyoshikwa na kutu inaweza kukatika mikononi mwa fundi hodari; la kuuliza ni kama alikutahadharisha mapema. Na katika sheria nyingi anaruhusiwa kuzuia kitu mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya. Kukichukua kwa nguvu kunaweza kukugeuza wewe mtuhumiwa. Ukikihitaji haraka, lipa, na uandike kwenye risiti: "nimelipa bila kuacha madai yangu ya uharibifu."

Kuhusu kiasi cha kudai, wengi hupotea kwa kudai kipya. Fidia hulenga kukurudisha ulipokuwa, kwa hiyo simu iliyotumika miaka minne huthaminiwa kama simu ya miaka minne. Dai gharama ya kurekebisha, au thamani iliyopotea kama hakitengenezeki, pamoja na hasara inayotokana moja kwa moja na uharibifu na unayoweza kuionyesha kwa risiti. Andika barua ya ukurasa mmoja: ulikabidhi nini na lini, kilirudi na nini, unadai kiasi gani, unasubiri mpaka tarehe gani. Matusi yaache nje, maana barua hiyohiyo ndiyo itakayosomwa na ofisi ya kutetea walaji au hakimu wa madai madogo.

Mkielewana, fundi anaweza kukuletea karatasi ya kusema huna madai tena. Kabla ya kutia saini, washa kitu, kitumie siku kadhaa, na hakikisha karatasi imetaja uharibifu huo tu.