Umechomwa na sindano kwenye taka? Njoo leo, usingoje Jumatatu

Mimi ni muuguzi hapa kisiwani Mombasa. Vijana wa vikundi vya taka ni wagonjwa wangu wa kila wiki: wanaosukuma mikokoteni vichochoroni Mji wa Kale, wanaozibua mitaro Majengo, wanaookota chupa kwenye mikoko ya Tudor maji yakipwa. Hakuna aliyewatuma. Waliona mtaa unanuka wakaingia kazini, na sasa wazee wanawasubiri mlangoni na mifuko yao. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema kwa mapenzi, ijapokuwa mengine nitayasema kwa ukali. Kijana anachomwa Jumamosi, anakuja kwangu Alhamisi. Jambo hilo nataka liishe.

Sindano zinafikaje kwenye taka za majumbani?

Watu hukimbilia kusema ni mateja. Maskani zao zina sindano, ni kweli, lakini si huko tu. Mgonjwa wa kisukari anajidunga insulini nyumbani kila siku, na sindano ikishatumika inatiwa kwenye mfuko mmoja na maganda ya ndizi na pampasi. Mama mwenye nyumba haimpitii kwamba kuna mkono wa mtoto wa mwenziwe utakaouinua mfuko ule. Sheria ya taka ya 2022 inataka kila nyumba itenganishe taka zinazooza na zisizooza. Kabla hatujafika huko, angalau sindano zitieni kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, mzirudishe kliniki mlikopewa.

Nimechomwa. Cha kwanza nifanye nini?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kadhaa. Damu ikitoka, iache itoke yenyewe. Usikamue. Usinyonye. Usitie mafuta ya taa, wala jiki, wala unga wa betri, wala dawa ya meno. Nimempokea kijana ambaye kidole kilikuwa na kitundu kama cha pini, lakini ngozi yote kukizunguka ilikuwa nyeupe imebambuka, kwa sababu alikichovya kwenye jiki mpaka kikaungua. Kitundu tungekishughulikia kwa muda mfupi. Ile ngozi iliyoungua ilimtesa wiki mbili.

Ukishaosha, njoo hospitali. Siku hiyohiyo.

Kwa nini siku hiyohiyo?

Kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini, ambazo wengi wanaziita PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu uchomwe. Hizo ni siku 3. Zikipita, hatuna tena cha kukupa cha kuzuia virusi hivyo. Tunabaki kukupima na kungoja. Na usizichukue saa 72 kama ruhusa ya kukaa. Saa za kwanza ndizo zenye nguvu. Aliyechomwa Jumamosi asubuhi, Jumanne asubuhi mlango wake umefungwa.

Sindano yenyewe ilikuwa kavu, haina damu hata tone.

Njoo. Sindano ina tundu ndani, na damu iliyobaki mle huioni kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi bado vina uwezo wa kuambukiza, hata damu ikiwa imekauka.

Haikuniuma. Ni kama nimeumwa na mbu.

Njoo. Maumivu hayapimi hatari.

Kiongozi wetu alisema nijikaze, yeye amechomwa mara nyingi na yuko salama.

Njoo, na umlete na kiongozi wako. Nataka kumuuliza kama amewahi kupimwa. Kuwa na nguvu za kusukuma mkokoteni si kipimo cha damu. Viongozi wa vikundi, nawaomba kwa heshima zote: neno hili la "jikaze" liacheni. Kijana wa miaka 19 anawasikiliza nyinyi kuliko anavyonisikiliza mimi, na siku 3 ni chache.

Hatari ni kubwa kiasi gani hasa?

Wahudumu wa afya waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, kwa kila 1,000, kama 3 hivi huambukizwa wasipopata dawa. Sindano iliyolala kwenye taka hatari yake ni ndogo kuliko hiyo. Sikutishi basi, na usikae usiku kucha ukilia. Homa ya ini ya B ndiyo inayoambukiza kwa urahisi zaidi kwa njia ya sindano, na watu hawaizungumzii. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga ugonjwa huu mwaka 2001. Uliyezaliwa kabla ya hapo, huenda hujachanjwa kabisa. Chanjo ya mtu mzima ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kikundi kizima kinaweza kuchanjwa kabla hakijaguswa na sindano hata moja, na mimi ningefurahi mno kuwaona mkija hivyo, mkiwa wazima, badala ya mmoja mmoja mkichechemea.

Naona haya. Watu wakiniona na dawa zile watasema nimeathirika.

Hili ndilo linalowachelewesha wengi kuliko nauli. Mwanangu, dawa hizi hupewa mtu ambaye *hana* virusi, ili asivipate. Tunakupima kwanza, unapewa dawa za siku 28, unapimwa tena baada ya wiki kadhaa na baada ya miezi 3. Katika hospitali za umma hulipii dawa hizo. Ukija ukasema "sista, nimechomwa na sindano kwenye taka", sitakuuliza ulikuwa na nani jana. Ukiwa na mke, mweleze, na mtumie mipira mpaka majibu ya mwisho yatoke.

Dawa zinanitia kichefuchefu. Naweza kuacha zikifika siku ya kumi?

Hapana. Kula kwanza, meza wakati wa kulala, na kikizidi rudi tukusaidie. Siku 28 ni 28.

Mimi sikuchomwa na sindano. Nimekatwa na bati, au chupa, au msumari.

Hapo tunazungumzia pepopunda. Watu wanaamini inaletwa na kutu. Kijidudu chake kinaishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, na nyote mmewaona mbuzi wanavyoshinda juu ya majaa yetu. Kinaingia na kipande cha chupa kinachoonekana safi vilevile kinavyoingia na msumari wenye kutu. Dalili huja baada ya siku kadhaa, mara nyingine wiki 2 au 3, kidonda kikiwa kimeshafunga na wewe umeshasahau: taya linakaza, kumeza kunakuwa shida, shingo na mgongo vinakakamaa. Ukifika hapo ni chumba cha wagonjwa mahututi, na wengine hawatoki. Chanjo ingekukinga.

Dada zenu huongezewa chanjo hii kliniki wakiwa na mimba. Nyinyi wavulana wengi wenu mlichanjwa mkiwa wachanga, kisha basi. Ukikatwa na kitu kichafu na hujachanjwa ndani ya miaka 5 iliyopita, au hukumbuki, unahitaji nyingine. Siku hiyohiyo, tena nasema.

Glavu hazitoshi?

Zile nyembamba za hospitali hazizuii sindano hata kidogo. Za ngozi nene zinasaidia, lakini mwendo wa mkono ndio unaookoa zaidi. Wengi ninaowapokea hawakuchomwa mkononi. Wamechomwa pajani, kwa sababu gunia waliliegemeza mwilini wakilipandisha garini, au unyayoni, kwa sababu walilishindilia kwa mguu wakiwa na ndara. Gunia shika shingo yake, liweke mbali na mwili. Usilikanyage. Usipeleke mkono ndani kutafuta chupa. Mwaga juu ya turubai uone. Ukiona sindano, ishike kwa koleo, itie kwenye galoni ngumu ya sabuni, na usijaribu kuirudishia kifuniko chake. Galoni likijaa robo tatu, leteni zahanati. Lisiende jaa la Mwakirunge na taka nyingine, kuna wenzenu kule wanaochagua kwa mikono.

Na watoto wadogo wanaowafuata peku wakati wa usafi, warudisheni kwao. Kuokota pamoja nanyi kunapendeza kwenye picha, lakini mtoto wa miaka 8 haangalii anapokanyaga.

Nimechomwa saa tatu asubuhi. Gari la taka linakuja saa nane. Nimalize kazi kwanza?

Hapana. Mkabidhi mwenzako mkokoteni. Osha. Panda tuktuk uende Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, au Tudor, au Likoni, au Port Reitz, iliyo karibu nawe. Kama huna nauli, kikundi kitoe kwenye sanduku, hata kama ni pesa za kununua fagio. Ukifika usipange foleni kimya kama mwenye mafua. Nenda dirishani useme umechomwa na sindano na umechomwa saa ngapi.